Magunia Thelathini na Mimi

Kama unasoma karatasi hii na chumba unacholala kina magunia ya mahindi, toka kwanza nje. Simama uani, vuta hewa, halafu rudi uendelee kusoma. Mimi nitakusubiri. Kusubiri nimeshazoea. Nimekaa kwenye benchi hilo hilo ulilokalia wewe sasa hivi, tena kule mwisho karibu na choo, mpaka nikawa najua msumari upi unachana suruali.

Naitwa Fredi. Nina miaka kumi na sita, nipo kidato cha tatu, nakaa Izia na baba, mama na mdogo wangu Neema mwenye miaka minane. Tabibu wa hapa, yule dada mkali mwenye miwani, ndiye aliyeniambia niandike yaliyonipata ili abandike ukutani hapo mnaposubiria. Akasema, "Andika kwa adabu, Fredi. Usitukane mtu." Nimejaribu. Mkiona mahali pamefutwa kwa wino mwingi, hapo nilishindwa.

Kabla sijaanza kulaumu watu, niseme la kwangu. Mimi nilikuwa mwongo wa magonjwa. Kidato cha kwanza nilianguka chini siku ya mtihani wa hesabu nikatoa na povu mdomoni, kumbe nilikuwa natafuna kipande cha sabuni. Mwalimu wa zamu alinibeba mgongoni mwenyewe, maskini, hadi alipoona povu linanukia maua. Kila wiki yenye zamu ya kufyeka nilikuwa na malaria. Mama akileta kipimajoto, mimi nimeshasukutua chai ya moto. Kwa hiyo ugonjwa wa kweli ulipokuja, ulinikuta sina hata mtu mmoja wa kuniamini. Hilo ni kosa langu na nalibeba. Mengine yote siyabebi, wabebe wenyewe.

Ilikuwa hivi. Mwaka juzi wezi walivunja stoo yetu ya nje, wakapakia mahindi ya msimu mzima. Wiki nzima baba alikuwa anakwenda kwenye ile stoo tupu, anasimama katikati, anarudi. Baba analima kule Kasense, na analima kweli. Ukimpa mkono unadhani umeshika kuni. Mavuno yaliyofuata yalipoingia mwezi wa sita, akatangaza mbele ya wote, "Mwaka huu mahindi yangu yanalala ndani. Mwizi anayeyataka apite juu ya mwanangu."

Mwanangu ndiye mimi.

Chumba changu kilichaguliwa kwa sababu ndicho chenye mlango wa maana. Yakaingia magunia thelathini. Yakapangwa toka sakafuni hadi karibu na dari, na mimi nikaachiwa nafasi ya godoro na viatu. Dirisha baba akalipigilia mbao kwa ajili ya wezi. Halafu mama akaziba nyufa zote kwa nailoni na matambara kwa ajili ya baridi, maana upepo wa mwezi wa saba huku juu kwetu hauombi hodi. Na kabla ya kuyafunga magunia, tuliyachanganya mahindi na dawa ya unga ya kuua dumuzi. Tuliyachanganyia wapi? Pale pale chumbani kwangu, sakafuni, kwa koleo, mlango umefungwa ili upepo usipeperushe dawa. Mimi na baba tumejifunga fulana usoni kama majambazi. Nilicheka sana siku ile. Nikamwambia baba, "Mikono juu, toa mahindi." Hata yeye alicheka.

Kwa kweli nilijivunia. Wageni wakija, baba alikuwa anawaleta hadi mlangoni kwangu kama wengine wanavyoonyesha picha za harusi. "Karibu uone." Mgeni anachungulia, anatikisa kichwa: "Hongera mzee, hapa kuna nyumba." Kwetu mtu akikuta magunia ndani hata salamu yake inabadilika. Mimi nilikuwa nimejilaza juu ya gunia la mbele, nawapungia mkono kama mfalme.

Kikohozi kilianza mwezi wa nane.

Kikavu, cha asubuhi, kama mbwa mdogo anayebweka ndani ya debe. Baadaye kifua kikaanza kubana na kupiga filimbi. Mama hakuniuliza kama naumwa. Alianza kuninusa.

"Fredi, fungua mdomo."

"Mama, nina miaka kumi na tano."

"Hata ungekuwa na hamsini. Fungua. Umevuta nini?"

"Hewa."

Nikala kofi. Nataka niwaambie kwamba jibu langu lilikuwa sahihi kuliko majibu yote yaliyotolewa na watu wazima kwa miezi saba iliyofuata.

Mara ya kwanza nilipofika kwenye benchi hili nilipewa vidonge vya rangi mbili, nyekundu na nyeusi. Nikavimaliza. Mara ya pili, sindano siku tano. Mwishowe nilikuwa nakaa upande mmoja kama mwanamke aliyepakiwa kwenye baiskeli. Mara ya tatu nikapewa kikopo cha makohozi. Kama hujawahi kupewa, nitakuambia: unatoka nyuma ya jengo, unasimama peke yako karibu na ua, unavuta kikohozi kutoka unyayoni, na watu wote kwenye benchi wanasikiliza. Niliporudi nacho nilimkabidhi muuguzi kwa mikono miwili, nikasema, "Karibu chai." Hakucheka. Mzee niliyekuwa nimekaa naye alikuwa ameshahama.

"Shikamoo mzee, mbona umenikimbia?"

"Marahaba. Sijakukimbia, mjukuu. Nimefuata jua."

Jua lilikuwa upande wangu.

Nilisubiri majibu siku kadhaa, na nyumbani hawakusubiri. Mama alinunua kikombe cha plastiki cha kijani. Akasema ni zawadi. Kikawa kinakaa peke yake dirishani jikoni, mbali na vyombo vingine, na sahani yangu chini yake. Majibu yakatoka: sina kifua kikuu. Mama akashukuru Mungu kwa sauti hadi jirani akaja. Kikombe hakikuondoka dirishani. Nikauliza, akasema, "Tuendelee tu kwa usalama." Na sijawahi kusahau, kwa sababu mama yangu ndiye mtu ambaye hata mgeni asiyemjua anamnywesha kwa kikombe chake.

Asubuhi moja wakati wa uji, Neema alinyanyuka, akachukua kikombe changu cha kijani, akanywa mafunda mawili huku ananitazama, akakirudisha. Akafuta mdomo kwa mkono. Nikamkanyaga mguu chini ya meza, akanikanyaga.

Mvua zilipoanza mambo yaliharibika kabisa. Bati moja juu ya chumba changu lilikuwa limelegea, na magunia ya juu yakalowa kabla hatujagundua. Baba aliyatoa, akayaanika siku mbili, siku zenyewe mawingu matupu, akayarudisha. Baada ya wiki yakaota ukungu wa kijivu kama kidevu cha babu. Chumba kikanuka soksi, viazi vilivyooza na dawa kwa pamoja. Nikasema, "Baba, magunia yanaota ndevu." Akanijibu, "Yanyoe." Nikayafuta kwa ufagio, mlango umefungwa. Nikiwaza leo nilichokuwa navuta kifuani mwangu natamani nirudi nimpige yule mtoto ufagio.

Mwili ukaanza kuisha. Mkanda nilitoboa matundu mapya mawili kwa msumari. Kale kamlima ka kwenda shule nilikuwa nasimama mara tatu, najifanya nafunga kamba za viatu. Rafiki yangu Benja naye anainama anafunga zake, na yeye alikuwa anavaa ndala. Lakini kilichoniuma zaidi hakikuwa hicho. Nilishindwa kucheka. Nikicheka nakohoa, nikikohoa naona nyota, pumzi haishuki, macho yanatoka. Darasani watu wakaanza kuninyima vichekesho. Benja akianza stori, ananiona, anamalizia taratibu: "...basi, yule jamaa akaanguka." Kwa huruma! Mimi, ambaye nilitolewa nje ya misa mara mbili kwa sababu ya kucheka. Ugonjwa unaweza kukuachia miguu yote, mikono yote, ukakuchukulia kitu kimoja tu ambacho ndicho wewe.

Mwezi wa kumi na mbili shule zilipofungwa, mama alinipeleka kwa shangazi, kule Kirando ziwani, nikabadilishe hali ya hewa. Shangazi anaanika dagaa. Nyumba yake inanuka samaki hadi mito ya kulalia, madirisha hayana vioo, upepo wa ziwa unaingia mbele unatokea nyuma na kuondoka na leso zako. Wiki ya kwanza nililala kama gogo. Wiki ya pili nilikimbizana na kunguru waliokuja kuiba dagaa. Wiki ya tatu shangazi aliniambia jambo la kijinga, nikacheka, na ndipo nilipogundua kwamba nimecheka.

"Wewe ulikuwa unaumwa nini?" shangazi akauliza.

"Sijui, shangazi. Kimepotea."

Nikarudi Izia nimenenepa. Nikalala chumbani kwangu, na siku ya tatu yule mbwa kwenye debe akabweka.

Baba aliweka kijiko chini. "Kirando mzima. Izia mgonjwa. Huu ugonjwa unajua ramani?"

Mnaona? Lilikuwa swali zuri kuliko maswali yote niliyoulizwa. Ila aliliuliza kama tusi. Akaendelea: "Shule imefunguliwa, mahindi yanataka palizi Kasense, na bwana mkubwa anakohoa. Ukila sabuni tena niambie nikununulie ya unga." Mama akacheka kidogo, halafu akaacha. Mimi sikuweza kujibu kwa sababu nilikuwa nakohoa, na nadhani baba aliona ninaigiza vizuri sana.

Mwezi wa pili nilizidiwa hadi nikapelekwa tena Kirando, wiki tatu, masomo yakanipita. Nikapona tena. Nikarudi mwezi wa tatu, mchana, na kabla sijaweka begi chini nikasikia kikohozi changu. Kikavu, kidogo, kinabweka. Kinatoka chumbani kwangu. Na mimi nipo sebuleni.

Nikafungua mlango. Neema alikuwa ameketi kwenye godoro langu, mgongo kwenye magunia, anachora. Nilipoondoka walimhamishia humo, maana godoro lilikuwa tupu. Alikuwa na mabega yaliyopanda juu kama mtu aliyebeba ndoo mbili. Mabega yale nayajua. Ndivyo unavyokaa ukiwa unaiwinda pumzi.

"Mambo," akasema, na akakohoa.

Nikaenda jikoni. Dirishani, pembeni ya kikombe cha kijani, kilikuwapo kikombe kipya chekundu.

"Umemwambukiza mwenzio," baba akasema nyuma yangu.

Sijawahi kumjibu baba yangu vibaya, hilo mtu yeyote Izia atawaambia. Ujinga wangu wote nilikuwa naufanya mbali naye. Siku ile nilimwambia kitu ambacho tabibu ameniomba nisikiandike. Nikatoka nje kabla mkono haujanifikia. Miezi saba nimetaniwa, nimenuswa, nimeombewa, nimechomwa sindano, sawa, mimi ni mwongo wa sabuni. Neema alikuwa amemdanganya nani?

Kesho yake asubuhi, badala ya kumpeleka shule, nilimleta hapa. Tulikaa mwisho karibu na choo. Alikuwa anaendesha kidole juu ya misumari. Tulipoingia, tabibu alimwekea kile kipimo kifuani, akasikiliza mbele na nyuma, akanisikiliza na mimi. Halafu akauliza swali ambalo miezi saba hakuna kiumbe aliyeniuliza.

"Nyinyi mnalala wapi?"

"Kwenye mahindi," akasema Neema.

Tabibu akaweka kalamu chini. "Kwenye mahindi kivipi, mwanangu?"

Neema akaeleza. Magunia, mbao za dirishani, matambara, ndevu za kijivu, unga mweupe wa dawa ambao kidole kikipita juu ya gunia unaweza kuandika jina lako. Alikuwa ameandika jina lake. Mimi nilikuwa nasikiliza chumba changu kikisomwa kama hati ya mashtaka.

Tabibu hakutupa mhadhara. Alisema mapafu yetu yamechokozwa na hewa ya kile chumba, ya ukungu, vumbi na dawa, kwa miezi, na kwamba asiondoke mtu na dawa yoyote kama anarudi kulala mle. Akatuandikia kwenda hospitali kubwa kupigwa picha za kifua. Halafu akavua miwani. "Na mimi nilikuona mara mbili, Fredi. Sikukuuliza. Siku ukiandika, andika na hilo." Nimeandika. Ni mtu mzima pekee katika habari hii aliyejishtaki mwenyewe bila kuvutwa sikio.

Baba alisoma karatasi ya tabibu, akaikunja. "Babu zetu wameishi na mahindi."

"Kihenge cha babu kiko nje, baba. Hata leo kipo, nyuma ya zizi."

"Babu hakuwa na wezi."

"Na hakuwa na wajukuu ndani ya kihenge."

Akatoka. Mama alimhamishia Neema sebuleni jioni ile ile bila kumwomba mtu ruhusa, na mimi nikalala naye huko kwenye mkeka. Lakini magunia yalibaki, vumbi lilipita chini ya mlango, na Neema aliendelea kukohoa. Siku nne. Siku ya tano ilikuwa Jumapili, na timu ya baba ilikuwa inacheza mchana.

Nitakayosema hapa tabibu amenigombeza nayo, na ameniambia niwaambie msifanye. Msifanye. Mimi nilifanya. Nililegeza waya wa soketi ya sebuleni, nikasema imekufa. Nikabeba runinga, nikaiweka chumbani kwangu, nikamwekea baba mto juu ya gunia la mbele, kiti cha enzi. Nikawasha.

"Karibu baba. Huku soketi ni nzima."

Aliniangalia sana. Baba si mjinga. Lakini mpira ulikuwa umeshaanza. Akaingia, akakaa, na kwa sababu Neema alikuwa anakohoa sebuleni na anamharibia utangazaji, akafunga mlango mwenyewe.

Mimi nilikaa uani chini ya dirisha lililopigiliwa mbao. Timu yake ikikosa bao, namsikia anapiga gunia kofi: pa! Ikikosa tena: pa! Kila kofi nilijua kinachopanda hewani. Kabla ya mapumziko akasafisha koo. Akasafisha tena. Kikaja kikohozi kimoja, kizito, cha mtu mzima anayejizuia. Akanyamaza. Alikuwa anashindana na mimi, nilijua, ukuta kati yetu. Kisha kikatoka kile chenyewe, kikavu, mfululizo, na mlango ukafunguka kwa kishindo.

Baba alitoka nje akishika nguzo ya kamba ya nguo. Macho mekundu, mate yananing'inia, mabega juu. Mabega yale yale. Nyumba ya jirani watu wakapiga kelele: timu yake imefunga. Hakusikia. Nilikuwa nimepanga kusema kitu cha kuchekesha wakati huo. Nilikuwa nacho tayari tangu Alhamisi. Hakikutoka. Niliogopa.

Neema akaja mbio na maji. Alichukua kikombe kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu ni kile cha kijani.

Baba alikipokea. Akakiangalia. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Baba alikiangalia muda mrefu kuliko mtu mwenye kiu anavyopaswa. Akanywa yote.

"Humu ndimo ulimokuwa unalala?" akauliza, kama vile si yeye aliyenilaza.

"Toka mwezi wa sita, baba."

Hakuomba msamaha. Nawaambia ili msisubiri hilo kwenye hadithi hii. Alivua shati, akaingia na kitambaa usoni, akaanza kutoa magunia. Hakuniruhusu kushika hata moja. "Kaa huko na mwenzio. Mbali." Mapumziko yakaisha, kipindi cha pili kikaisha, yeye anatoa. Yenye ukungu aliyachimbia shimo na kuyafukia, na kila gunia aliloliangusha shimoni alisimama kidogo. Mbao za dirisha alizing'oa mwisho kabisa. Mwanga ulipoingia tuliona hewa ya chumba changu kwa macho.

Yaliyofuata ni ya dawa. Neema alipona upesi baada ya kutoka mle. Mimi nilikuwa nimekaa humo muda mrefu, kwa hiyo hospitali kubwa, baada ya zile picha, nilipewa vidonge vidogo vilivyonivimbisha uso kama andazi, Benja akaniita Mandazi mbele ya darasa zima, na nikajua mambo yanaanza kuwa poa. Pampu ya kubonyeza na kuvuta ninayo hadi leo mfukoni. Mama alivichoma vikombe vile viwili pamoja na takataka. Vilitoa moshi mweusi, mchafu. Nikamwambia, "Mama, sogea, na huo nao ni hewa." Akanirushia ndala.

Na hasira? Ipo. Mtu akiniambia "pole, Mungu mkubwa," naitikia, lakini moyoni nasema Mungu hakupigilia mbao dirisha langu. Nimekosa masomo ambayo sasa nayakimbiza. Mlima wa shule bado nasimama mara moja. Watu walipita mlangoni kwangu, wakasema hongera, wakaondoka, na hakuna hata mmoja aliyesema, "Mzee, huyu mtoto anapumua nini humo?"

Mwezi wa sita umefika tena na baridi yake. Baba amejenga banda jipya nyuma, sakafu imeinuliwa juu ya matofali, kufuli mbili, mbwa mmoja. Siku gari la Kasense lilipoleta mavuno nilikuwa chumbani nasoma, dirisha wazi, nimevaa makoti mawili. Mlango ukasukumwa kwa bega. Akaingia baba na gunia la kwanza mgongoni, ameinama, anahema, miguu yake imemleta yenyewe hadi pale pale. Akainua uso, tukatazamana.

"Hodi," nikasema. "Chumba kina mtu."

Alisimama sekunde kadhaa na lile zigo mgongoni. Kisha akageuka taratibu, gunia likagonga mlango upande huu, likagonga upande ule, naye akatoka kinyumenyume kama gari kwenye uchochoro, na nje nikamsikia anawaambia vibarua kwa ukali, "Nani amewaambia ni huku?" Hakukuwa na kibarua hata mmoja nyuma yake.

Nikacheka. Nilicheka hadi nikaegemea ukuta, nikashika tumbo, nikangoja kikohozi. Hakikuja. Kicheko kiliendelea mpaka kikaisha chenyewe.